Hodi kwa Mdomo

Nyumba ya Babu Muhenna, Ibra, haikuwa na makomeo.
Aliyang'oa yote mwaka tuliohamia, kwa bisibisi ya kuazima:
la mlango wa mbele, la ghala la tende, hata la choo,
nasi tukakua tukikohoa.
Mgeni akiomba msalani hufundishwa kwanza:
kohoa, bwana, kohoa mpaka umalize.
Bibi Zuwena alisema ndoa yake nzima
imesimama juu ya kikohozi.

Na hodi ilikuwa kwa mdomo.
Ole wako ugonge ubao.
Fundi wa mabomba, Mbulushi, aligonga mara tatu tu,
kwa adabu zake zote,
Babu akajimwagia kahawa kifuani,
akatoka kwa mlango wa nyuma bila kofia,
akasimama juani hadi adhuhuri ikaadhiniwa.

Ndugu zake waliotoka Unguja walikaa Matrah, Ruwi, Al-Khuwair,
karibu na jamaa, karibu na samaki.
Yeye alimuuliza dereva:
wapi katika nchi hii bahari haisikiki?
Akapelekwa ndani, milima ikamfunika,
hapo ndipo akatua sanduku lake la bati.
Maji ya falaji aliyakubali,
lakini baada ya kuchomeka bakora
na kuona imelowa shibiri mbili.

Kwamba alikwenda vitani tulijua kwa picha:
karani wa kikosi cha mizinga, kaptula, soksi ndefu,
tabasamu la kijana aliyepokea mshahara jana.
Kuhusu meli alikuwa na sentensi moja,
haongezi, hapunguzi:
"Ilizama kabla chai haijapoa."

Mimi na Ghalib tuliipima sentensi ile.
Tulimimina chai, tukatumbukiza kidole, tukahesabu.
Kwanza tuliungua.
Halafu tulipotea kwenye mia na kitu.
Halafu tukainywa.

Idi moja Thuraya, miaka mitatu, akateleza ndani ya falaji.
Shibiri mbili za maji.
Babu alikuwa na sabini na moja,
akaruka na kanzu ya sikukuu, miwani, saa,
akamwinua mtoto juu ya kichwa chake
huku akipiga kelele kwa Kiswahili cha kambini,
ambacho hatukuwahi kukisikia kinywani mwake:
"Nzioka! Sukuma! We sukuma, mimi navuta!"

Katika ukoo wetu hakuna Nzioka.
Thuraya alikuwa ameshaanza kucheka.

Usiku Bibi alitueleza, akichambua mchele,
macho yake hayakutoka kwenye ungo.
Mlango wa chuma. Meli imelala ubavu.
Babu yenu upande huu, Mkamba wa Machakos upande ule,
na komeo limepinda katikati yao.
"Alikuwa anagonga," alisema.
"Hakugonga kwa fujo. Babu yenu anasema
aligonga kama mgeni."
Akatoa punje ya mchanga, akaitupa.
"Kisha maji yakamng'oa Babu yenu pale mlangoni.
Ndiyo maana nyinyi mpo."

Amelala sasa chini ya jiwe lisilo na jina,
kama walivyolala wazee wake.
Juu ya kabati lake tumekuta kopo la maziwa ya unga,
ndani makomeo kumi na tisa, skrubu zake zimefungwa kwa uzi,
yote yamepakwa mafuta.
Hayana kutu hata chembe.
Miaka yote ile alikuwa akiyafuta, nani ajuaye saa ngapi,
na kwa sababu gani, sikuwahi kumuuliza,
na Bibi naye ametangulia.

Ghalib anataka kuyarudisha. Ana binti wakubwa, anasema,
na wageni wa matanga si wote wanaojua kukohoa.
Ana haki. Nimemshikia taa.

Alikuwa kwenye skrubu ya pili ya mlango wa mbele
mtu alipogonga.
Bisibisi ikasimama.
Tulitazamana, watu wazima wawili wenye mvi,
tukasikia tena, taratibu, mara tatu.

"Sukuma," nikasema. "Sukuma tu."